Mafuta Yakipata Moto

Katungu alikuwa anagonga kwa kifuniko cha sufuria. Sauti ilitoka chini ya zege, pale palipokuwa jiko lao mpaka alfajiri ile. Zacharie, mume wake, alilala kifudifudi kwenye tope, sikio amelibandika kwenye ufa ambao hata kiganja kisingepita.

"Mama Elsa, uko unanisikia?"

"Niko nakusikia. Usipige kelele, huku ndani inarudi yote mu masikio."

"Miguu iko namna gani?"

"Siko naisikia tena. Lakini haiko inauma. Ni muzuri, si vile?"

Zacharie alifumba macho. Alikuwa fundi wa magari, si mganga, lakini alijua miguu isiyosikia maumivu si dalili njema.

"Ni muzuri," alisema.

"Elsa alikula?"

"Alikula. Iko kwa Mama Solange."

Mtoto hakuwa amekula. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jirani, kikombe cha uji mkononi kimepoa, anatazama mgongo wa baba yake.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya Vulamba, mtaa wa kilimani mjini Butembo. Pale juu ya kilima mfanyabiashara mmoja alikuwa amekata mteremko ili apate uwanja wa kujengea ghorofa, akauzuia udongo kwa ukuta wa zege usio na matundu ya kutolea maji. Majirani walikwenda kulalamika kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Waliambiwa ukuta ule umepimwa na wataalamu. Alfajiri maji yaliusukuma, ukashuka pamoja na nusu ya kilima. Zacharie alikuwa ameshafika karakana kule Mususa. Katungu alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya wanafunzi, na Elsa alikuwa bado amelala kwenye chumba cha mbele, ambacho tope lilikigusa tu na kukiacha.

Kipande kimoja cha ukuta, kipana kama mlango wa kanisa, kilianguka kiupande. Ncha moja ilisimama juu ya mafiga, nyingine juu ya kisiki cha ukuta wa matofali, na chini yake pakabaki nafasi ndogo kama sanduku. Humo ndimo alimokuwa Katungu.

Wanaume walijaribu mitaimbo. Walijaribu jeki ya lori. Ikazama kwenye tope kama kijiko kwenye uji, zege lisitikisike. Ndipo mtu akapiga kelele kutoka barabarani kwamba pelle inakuja.

Ilikuwa pelle ya brigedi ya kutengeneza barabara, mashine pekee ya kuchimba ambayo Serikali ilikuwa nayo upande ule wa mji. Kiangazi kizima ilikuwa Beni inatengenezwa. Siku iliporudi redio ilitangaza kwamba imewekewa pampu mpya kabisa ya kusukuma mafuta, na kwamba barabara za Butembo sasa zitapona. Bado ilikuwa inang'aa rangi ya manjano. Ilipanda kilima huku minyororo yake ikikata udongo, ikapiga koleo mara kadhaa, ikasukuma pembeni matope na miti iliyong'oka, na watu wakaanza kuimba. Mwanamke mmoja alipiga magoti barabarani akamshukuru Mungu, Nyamuhanga.

Dereva wake, Gracien, aliwahi kukaa karakana moja na Zacharie. Alipomwona alizima mashine, akashuka.

"Ni nani iko mule?"

"Ni Mama Elsa."

Gracien alikwenda mwenyewe kuchukua kamba ya chuma.

Waliifunga kwenye zege, wakaining'iniza kwenye koleo. Gracien akavuta mkono wa mashine juu, taratibu. Zege lilitoka kwenye mafiga kwa urefu wa kidole, na vijana watatu wakainama na magogo ya mkaratusi ili wayaingize. Papo hapo mkono mkubwa wa chuma ukaanza kushuka wenyewe. Gracien alikuwa hajagusa kitu. Ulishuka kama kichwa cha mzee anayesinzia, bila haraka, na zege likarudi chini. Ndani, Katungu alipiga ukelele.

"Simamisha!" Zacharie alilia. "Simamisha!"

"Siko naishusha miye!" Gracien alijibu kutoka kwenye kiti. "Njo inashuka yenyewe!"

Walipopanda wote wawili juu ya mashine, Gracien aliongea kwa sauti ya chini.

"Asubuhi iko simba. Ikishapata moto, inakuwa mbuzi. Niliwaambiaka tangu irudi."

"Uliambia nani?"

"Chef. Alisema ni miye sijue kuendesha."

Zacharie alifungua mlango wa ubavuni. Joto lilimpiga usoni. Injini ilikuwa inanguruma sawasawa, haikuwa na kosa. Udhaifu ulikuwa kwenye mafuta, yale yanayosukumwa na pampu kwenda kwenye mikono na kuipa nguvu. Alitazama kipimo cha tangi. Kilionyesha kwamba limejaa. Akafikiri ni chujio limeziba. Hilo ndilo kosa la kawaida baada ya matengenezo, na ndilo alilotamani liwe, kwa sababu chujio angeweza kulisafisha hapohapo kwa petroli. Gracien akazima injini, naye akalifungua kwa haraka akaunguza vidole. Lilikuwa safi. Kulirudisha kulichukua muda mrefu, bolti moja ilikuwa imelika meno, na muda wote ule alikuwa anasikia kifuniko cha sufuria kikigonga chini yake, naye alijua kwamba amepoteza muda ambao si wake.

Aliweka kiganja juu ya tangi, kisha juu ya pampu. Tangi lilikuwa na joto la kuvumilika. Pampu hakuweza kuishika.

"Niletee ndoo," alisema.

Kwenye kila pampu ya namna ile kuna mpira mdogo wa kurudishia mafuta yanayovuja ndani kwa ndani. Pampu nzima huvuja kidogo tu, kama jasho. Zacharie aliufungua mpira, akauelekeza kwenye ndoo, akamwambia Gracien awashe na kuvuta mkono juu. Mafuta yalitoka kama bomba la maji. Ndoo ilikuwa inajaa huku watu wanatazama bila kuelewa.

"Zima."

Gracien alielewa. Alikuja akachutama kando yake. "Iko inarudisha yote?"

"Inasukuma, inakunywa tena. Mafuta ikishapata moto inakuwa maji, inapita po pote." Alipitisha kidole kwenye bomba nene linalonyanyua mkono, shina lake la chuma lililowa mafuta mpaka chini. "Na huku pia, bajoint ba kuzuia mafuta bameisha. Njo maana hata ukiisimamisha inashuka."

Aliurudisha mpira mahali pake, kisha akachukua bisibisi akakwangua pampu. Chini ya manjano ilikuwa rangi ya bluu, chini ya bluu ilikuwa kutu. Mahali palipopigwa namba ya kiwanda palikuwa pamesagwa kwa tupa pakawa laini kama sarafu ya zamani.

"Hii ilikufaka tayari mu mashine ingine," alisema.

Gracien alitazama barabarani kwanza, ndipo akasema: "Ile mpya niliiona Beni, mu sanduku yake. Leo iko mu pelle ya chef, kule ku carrière, penye banachimba zahabu. Hapana sema ni miye nilikuambia."

Chef Apollinaire, mkuu wa brigedi, alifika kwa jeep muda mfupi baadaye. Alikuwa mtu mpole wa sauti. Alivua viatu vyake vizuri akavaa buti za mpira, akakunja suruali, akashika mkono wa Zacharie kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Tuko pamoja na wewe. Tutamutosha mule, atoke muzima."

"Chef, hii mashine haiwezi shika muzigo. Pampu yake imekufa."

"Pampu iko mpya."

"Chef, kuja uone mwenyewe."

"Iko mpya," Chef alirudia, na bado alikuwa ameushika mkono wake. "Na redio ilisema."

Katika maisha yake Zacharie hakuwahi kumwambia mkubwa neno kama lile aliloliandaa. "Chef, niko nakuomba. Ile pelle ingine ya ku carrière. Ile yako. Ikipandishwa ku lori sasa hivi, ingeweza kufika."

Mikono ya Chef ilimwachia.

"Ile ni ya mutu binafsi," alisema. "Na njia ya kule unaijua. Batu ba pori, bale ba bunduki, bakiunguza ile engin, ni wewe utalipa? Nani atanipatia escorte ya askari?" Akatazama watu waliowazunguka, akapandisha sauti kidogo ili wote wapate kusikia. "Mutumike na hii ya Leta, ya Serikali. Leta njo iliwaletea."

Kwa hiyo walitumia ile ya Leta.

Zacharie alimwambia Gracien mpango wake, na Gracien akaukubali kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mashine ikiwa baridi ina nguvu, kwa dakika chache. Basi itazimwa mpaka ipoe, milango yote wazi, magunia yaliyolowa maji juu ya tangi na juu ya pampu. Ikipoa itawashwa, itanyanyua zege kidogo tu, magogo yataingizwa upesi, itazimwa tena. Kunyanyua kidogo, kuegesha, kungoja. Wanawake walipanga mstari mpaka kijitoni wakawa wanapitishana ndoo. Mama Jokébed, mama yake Katungu, alikuwa ameshafika kwa pikipiki kutoka Musienene, kitambaa cha kichwa kimelowa. Aliingia kwenye mstari akapokea ndoo.

Mara ya kwanza zege lilipanda kiasi cha kiganja kilicholala. Magogo yakaingia. Wakazima, wakamwagia maji, wakangoja. Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kazi. Kijana mmoja alianza kutukana kwamba mashine inalala na mtu anakufa, na Zacharie akamwambia, bila hasira, "Ikilala njo atapona."

Mara ya pili lilipanda zaidi. Gogo nene likaingia, na sasa kulikuwa na nafasi ya mkono mzima.

Zacharie alijilaza akaingiza mkono mpaka begani. Alipapasa udongo, kisha jivu lililoloana, kisha vidole. Vilikuwa baridi. Vikamshika.

"Ni mukono yako?" Katungu aliuliza.

"Ni yangu."

"Iko inanuka huile ya magari."

"Kila siku inanuka huile."

Alisikia kitu kama kicheko. Walipitisha mpira mwembamba, wakamnywesha chai yenye sukari, na akasema sukari ni nyingi, nani amemwaga sukari ya watu hivyo. Aliuliza kama ile sinia ya maandazi imepona. Aliuliza mvua imekatika. Kisha vidole vyake vikawa vinakazana na kulegea ndani ya vidole vya mume wake.

"Papa Elsa."

"Ndiyo."

"Hapana toka."

"Siko natoka. Ni mara moja tu tena. Mashine ipoe, tunyanyue, niingie miye mwenyewe nikuvute."

"Mara moja?"

"Mara moja tu."

Alikuwa bado ameshika mkono ule aliposikia injini za magari barabarani.

Aliuchomoa mkono wake, akasimama. Kwenye barabara magari matatu yalikuwa yamesimama, meupe, na mtu mwenye kamera alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya bwana mmoja mnene aliyefunikwa kwa mwavuli. Alikuwa mshauri wa wakubwa wa jimbo, ametoka Beni kuja kuwapa pole waathiriwa. Askari polisi walikuwa wanasogeza watu. Chef Apollinaire alikuwa amesimama kando ya pelle, anapiga makofi kuelekea kwa Gracien.

"Anza kazi! Excellence iko hapa na engin imelala?"

"Chef," Zacharie alikimbia, akiteleza, "tuko tunaipoza. Bado kidogo. Tafazali."

"Kupoza? Ni supu?"

Wengine walicheka. Gracien alimtazama Zacharie kutoka kwenye kiti.

"Songeza ile matope ya mu barabara," Chef alimwambia Gracien. "Gari ya Excellence ipite. Bamupige picha engin ikitumika."

"Chef, ikitumika pale itapata moto," Gracien alisema.

"Bahindo," Chef alisema, akimwita kwa jina la baba yake, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo, "batu ngapi banakuja kila siku ku bureau yangu kuomba ile kiti unaikalia?"

Gracien alikuwa na watoto sita. Magunia yaliyolowa yalianguka chini mashine ilipogeuka.

Ikazoa matope ya barabarani. Ikazoa, ikamwaga, ikazoa tena, mkono wake mrefu wa manjano ukipanda na kushuka mbele ya kamera, na mshauri akasimama mbele yake akaongea. Alisema Serikali haijawasahau watu wa Vulamba. Alisema mashine hii ni ushahidi. Mara mbili mwenye kamera alimwomba arudie, kwa sababu injini ilikuwa inafunika sauti yake, na mara mbili alirudia. Zacharie alikuwa anatazama shina la chuma la ule mkono. Lilikuwa limeanza kung'aa kwa mafuta. Ule mkono ulikuwa umeanza kupanda polepole.

"Na huyu mama?" mshauri aliuliza alipomaliza. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. Huenda naye alikuwa na mke. "Juu ya nini hamujamutosha? Toka asubuhi?"

"Tulikuwa tunangoja Excellence, lakini tuko tayari," alisema Chef Apollinaire.

"Basi, mumutoshe."

Zacharie alipita kati ya askari wawili. Alipiga magoti.

"Mukubwa, niko nakuomba. Ni bibi yangu. Mafuta iko moto, mashine haitashika. Itamuangushia. Mutupatie muda kidogo, ipoe. Kidogo tu. Hapana nyanyua sasa. Mukubwa, kidogo tu."

Mshauri alimtazama, kisha akamtazama Chef. "Anasema nini huyu?"

"Ni bwana yake, Excellence. Ako na machungu. Kichwa haiko tena sawa."

"Pole sana, papa," mshauri alisema, akamgusa bega. "Tuache watu wa kazi bafanye kazi." Akawaambia askari wamsogeze taratibu, wasimpige.

Hawakumpiga. Walimshika mikono, mmoja huku na mmoja kule. Mmoja wao alikuwa Ésaïe, kijana wa Vulamba hiihii, aliyekuwa ananunua maandazi ya Katungu kila asubuhi. Zacharie alimwita kwa jina. Ésaïe alitazama mbele.

"Gracien! Hapana nyanyua! Gracien!"

Kamba ya chuma ilikazika. Zege lilipanda, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuliongoza lilipinda pembeni, likagonga magogo, magogo yakateleza kwenye tope yakabingirika nje, moja baada ya jingine. Watu walipiga makofi, kwa maana zege lilikuwa juu, juu kuliko wakati wowote tangu asubuhi, na chini yake, kwenye kivuli, palionekana kitambaa cha bluu na mkono mmoja ukitafuta.

Kisha mkono wa chuma ukaanza kushuka.

Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote. Gracien alikuwa amevuta wenzo wa kunyanyulia mpaka mwisho, amesimama kabisa kwenye kiti, anavuta kwa mikono miwili kana kwamba ni yeye anayebeba. Mkono ulikuwa unashuka tu, bila kishindo, kwa mwendo uleule wa asubuhi. Zege likafika chini. Tope lilitoa sauti ndogo.

Hakuna aliyegonga tena.

Mwenye kamera alishusha kamera yake. Mama Jokébed alikuwa bado ameshika ndoo iliyojaa, hakuimwaga, hakuitua. Gracien alizima mashine, akashuka, akaenda nyuma ya nyumba ya Mama Solange akawa anatapika.

Kelele zilianza kwa vijana. Jiwe la kwanza lilipiga kioo cha gari jeupe. Askari walifyatua risasi juu, watu wakalala chini, na mshauri akaingizwa garini akiwa ameinamisha kichwa. Chef Apollinaire hakukimbia. Alisimama juu ya mnyororo wa pelle, akaonyesha ile ndoo ya mafuta, ambayo ilikuwa bado pale Zacharie alipoiacha.

"Muone!" alipaza sauti. "Muone wote! Mashine ilikuja hapa nzima. Mulishangilia, si ninyi? Ilikuwa inatumika muzuri. Huyu njo aliifungua. Nani alimupatia ruhusa? Alitosha mafuta mu pampu, mbele ya macho yenu. Mafuta ya pelle ni hii hapa!"

Watu walitazama ndoo. Ni kweli walimwona akifungua. Ni kweli walimwona akimwaga. Mtu mmoja, mzee wa mtaa, alisema kwa sauti ya kusitasita, "Ni kweli alifunguaka," na baada ya hapo mawe yakapungua. Hawakumwamini Chef, wengi wao. Lakini bunduki zilikuwa pale, na kusema "sijui" kulikuwa rahisi kuliko kusema lingine.

Zacharie hakujitetea. Alikuwa hata hasikii. Alikuwa anatazama pale mkono wake ulipopita, na ufa haukuwepo tena.

Kamanda wa polisi aliamuru afungwe kwa kuharibu mali ya Serikali. Gari lao lilijaa watu wa msafara, waliokuwa na haraka ya kurudi Beni kabla njia haijawa mbaya, basi wakamfunga pingu mkono mmoja, na pingu ya pili wakaikaza kwenye chuma cha mnyororo wa pelle. Ésaïe na mwenzake wakaachwa kumlinda yeye na mashine mpaka gari jingine lije. Amri ilikuwa mtu yeyote asiisogelee mashine.

Watu wa Vulamba walirudi kwenye mitaimbo. Hawakuwa na kitu kingine. Walichimba kutoka upande wa chini, kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Gracien alichimba pamoja nao, hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemsemesha. Zacharie alikaa kwenye tope akiwa ameegemea chuma kilichokuwa kinapoa. Kilipoa kabisa. Kama mtu angeiwasha wakati ule, ingekuwa simba. Hakumwambia mtu.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka walipomtoa Katungu. Walimlaza kwenye mkeka, wakamfunika kwa kikwembe, na wanaume wanne wakaubeba kuelekea kwa mume wake. Ésaïe aliwasimamisha hatua chache kabla, bunduki ameishika mbele ya kifua kama fito ya lango.

"Mutue pale. Si ku engin."

"Ésaïe," mzee wa mtaa alisema, "mufungulie. Aone bibi yake. Hatakimbia."

"Ufunguo haiko."

"Iko wapi?"

"Commandant ameenda nayo Beni."

Wakautua mkeka pale. Mwenzake Ésaïe alikuwa anaongea kwenye simu. Alikuwa anasema ndiyo, chef, iko salama, chef, hakuna aliyeigusa. Alipokata, aliwaambia watu warudi nyuma zaidi, Chef amesema mashine ni ya Leta na ikipatikana hata mkwaruzo mmoja watalipa wote. Wanaume walirudi nyuma. Mama Jokébed hakurudi. Alikaa chini kwenye tope, upande wa kichwa cha binti yake, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake wanaochambua maharagwe.

Zacharie alijilaza. Mkono uliofungwa ulivutika nyuma yake mpaka pingu ikakata ngozi. Akaunyoosha ule mwingine, bega lote, mbavu zote. Vidole vilifika kwenye upindo wa mkeka. Viwili tu. Akavikunja kwenye nyuzi, akavuta.

"Mama," Ésaïe alisema, "tafazali. Banasema hapana."

"Basi, piga," alisema Mama Jokébed.

Aliweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa mkeka, akasukuma. Zacharie akavuta. Ésaïe aligeuza uso akatazama barabara ya Beni, ambako hakukuwa na gari lolote. Mkeka ulisogea kidogo kwenye tope, ukakwama kwenye jiwe.